Pikapu ya marehemu baba inachemsha mlimani: niiuze au niitengeneze?

Ndugu, umeeleza kwamba pikapu uliyoachiwa na marehemu mzee wako, Toyota Hilux ya 1990 yenye injini ya dizeli aina ya 2L (hilo ni jina la injini, si lita mbili), huchemsha kila inapopanda mlima na mzigo, nawe umekwama kati ya kuiuza na kuitengeneza. Pole kwa msiba. Usiamue kabla hujalala chini yake na bisibisi mkononi, ukaichokonoa chesisi (fremu ya chuma inayobeba gari) pale springi za nyuma zinaposhikia, kwa sababu injini hutengenezeka, lakini chesisi iliyoliwa na kutu hadi ikatoboka itakufilisi.

Ikiwa nzima, mimi ningeitunza. Rejeta izibuliwe na kifuniko chake kibadilishwe, wala usikubali fundi ang'oe thamostati, yaani valvu inayodhibiti joto la maji ya injini (wengi hupenda kufanya hivyo). Mapovu yakitoka mfululizo kwenye rejeta mara tu injini baridi inapowashwa, kifuniko kikiwa wazi, shuku gasketi ya silinda hedi (kichwa cha injini) imeungua, au hedi yenyewe imepasuka. Mkanda wa taimingi, unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio, kama hujui ulifungwa lini, ubadilishe sasa, maana ukikatika valvu hugongana na pistoni. Mzigo nao usizidi tani 1, hata mwenye mchanga akikubembeleza.