Kabla Hujasimama Mstarini: Namna ya Kuamua Katika Kura za Mchujo

Kura ya mchujo, ile ya chama kuchagua mgombea wake, ikipigwa kwa kupanga mstari huamuliwa nyumbani. Ukifika uwanjani hujaamua, macho ya watu yatakuamulia. Hilo ndilo ninalowaambia vijana wa hapa Busia, upande wa Uganda, wanaoniuliza, hasa wale ambao msimu ujao watapiga kura ya chama kwa mara ya kwanza. Ninalisema nikiwa mwanachama wa NRM, chama tawala, niliyesimama kwenye mistari hiyo mwaka 2020 na tena Julai 2025.

Mwaka 2015 chama kilitumia karatasi. Sehemu nyingi vifaa vilichelewa, na malalamiko ya kura zilizojazwa yakawa mengi. Mwaka 2020 tukarudi mstarini, utaratibu ambao wazee wanaukumbuka tangu enzi za Resistance Councils, yale mabaraza ya zamani ya vijiji, na ambao nchi nzima iliutumia mwaka 2018 kuchagua wenyeviti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji. Kijiji kinakusanyika uwanjani. Wakala wa kila mgombea anashika picha ya mtu wake juu ya kichwa, nawe unakwenda kusimama nyuma ya picha unayoitaka. Msimamizi anapita akihesabu kwa sauti, bega moja baada ya lingine, na watoto waliokuja kutazama wanahesabu pamoja naye. Idadi inatangazwa palepale na kuandikwa kwenye fomu. Hakuna sanduku la kubadilishwa usiku, na kwa hilo ninaupenda mstari. Lakini siri haipo tena. Mwenye nyumba anakuona, mama mkwe anakuona, mweka hazina wa kikundi chenu cha akiba anakuona.

Siri ikiondoka, hongo nayo inapata nguvu mpya. Kwenye kura ya sanduku, mtu aliweza kupokea sukari na sabuni za huyu, kisha akampa kura yule, na siku zikaenda. Mstarini hilo haliwezekani. Aliyekupa shilingi elfu tano jana jioni amesimama pembeni, au amemweka mtu wa kumhesabia watu wake. Kwa hiyo wale wanaosema "kula tu, hizo ni pesa zetu" wanakupa ushauri wa sanduku wakati wewe unakwenda mstarini. Mimi nasema usipokee kabisa. Najua elfu tano ni posho, yaani ugali, na maharagwe ya familia kwa siku nzima, na simdharau mama aliyepokea kwa sababu watoto walikuwa hawajala. Ila ajue mapema kwamba amefunga miguu yake mwenyewe, na kwamba mbunge akishapita atakaa miaka mitano.

Kinachowasumbua watu zaidi ya pesa, kwa nilivyoona, ni heshima. Unamkatalije mtu unayemheshimu mbele ya kijiji kizima? Mwaka 2025 mwenye nyumba niliyopanga alikuwa wakala wa mgombea ambaye mimi sikumtaka. Ni mzee mwema, amewahi kunivumilia kodi ilipochelewa. Siku chache kabla ya kura nilikwenda kwake jioni na paketi ya majani ya chai, tukaongea habari za watoto na bei ya mahindi, kisha nikamwambia: "Mzee, nimekuja mwenyewe ili usije ukashtuka siku ile. Mimi nitasimama kwa yule mwingine. Nakuheshimu kama jana, na kodi utaipata tarehe yake." Alinyamaza kidogo, akauliza kwa nini. Nikamweleza sababu moja tu, ile kubwa. Hakufurahi, lakini alisema, "Afadhali umeniambia, mama." Siku ya kura aliniona upande wa pili, akanipungia mkono.

Jaribu njia hiyo kwa shemeji, kwa mjomba, kwa yeyote ambaye kukuona upande wa pili kutamuuma. Nenda kwake mapema, nenda peke yako, sema kwa adabu, na usianze kumsema vibaya mgombea wake. Watu hawakasirishwi sana na chaguo lako kama wanavyokasirishwa na kuahidiwa usiku na kuachwa asubuhi mbele ya wenzao.

Kuna na vitisho. Kinachosikika sana siku hizi ni kwamba usiposimama kwa fulani, jina lako litafutwa kwenye pesa za PDM (Parish Development Model), mpango wa mikopo ya parishi, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Nakuomba ulijibu hili ndani ya moyo wako kabla ya siku yenyewe. PDM ni mpango wa serikali, ulizinduliwa mwaka 2022, na ile shilingi milioni 1 ni mkopo unaopitia SACCO ya parishi. Unatakiwa kuurudisha na riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Hakuna mgombea aliyeutoa mfukoni mwake. Mtu akikutishia hivyo, mwombe ayarudie maneno hayo mbele ya mwenyekiti wa LC1 na chifu wa parishi.

Sasa, kuchagua kwenyewe. Anza na kazi ya kiti. Tunachanganya sana mambo hapa: tunamuuliza mgombea ubunge habari za mtaro ulioziba, tunamuuliza diwani habari za sheria, na wote tunawauliza watatoa kiasi gani kwenye msiba. Mbunge anapitisha sheria na bajeti ya taifa na kuisimamia serikali. Mtaro wa mtaani na takataka za sokoni ni mambo ya manispaa, na huko unamtafuta meya na diwani. Mchango wa msiba ni ubinadamu, namshukuru anayetoa, lakini jirani yangu naye hutoa na hajawahi kuomba kura.

Kwa sisi wa mpakani, swali langu kwa mgombea ubunge ni moja, na huwa nalisema kwa sauti mkutanoni. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwaka 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu uliorahisishwa kwa mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za ndani ya Jumuiya zisizozidi dola 2,000 za Marekani: anajaza cheti chepesi cha asili ya bidhaa, kisha anavuka. Hata hivyo, kina mama wenye debe la nyanya au trei za mayai bado wanapita njia za panya, wakikimbizwa na kunyang'anywa mali. Je, wewe unaujua utaratibu huu, na bungeni utamuuliza nani kwa nini haujawafikia? Nimewahi kumwona mgombea akilijibu swali hili kwa kuahidi kununulia kikundi chetu mahema na viti. Makofi yalikuwa mengi. Mimi sikupiga, kwa sababu nilishajua kwamba hajui.

Kama anayeomba kura alikuwa bungeni tayari, kazi yako ni nyepesi. Kumbukumbu za Bunge, zile za Hansard, zinapatikana kwenye tovuti ya Bunge. Mpe kijana mwenye simu jina la mbunge na umwombe atafute alisema nini na lini. Mkisoma pamoja kwa saa moja, mtaamua vizuri kuliko mkisikiliza spika za gari mwezi mzima.

Swali jingine ambalo watu wanasahau: akishindwa, atafanya nini? Katiba yetu inaruhusu mgombea huru, na wengi wanaosimama hivyo ni waliotoka kwenye michujo wakiwa na hasira. Uchaguzi wa 2011 ulileta wabunge huru 43, wa 2016 ukaleta 66, wa 2021 ukaleta zaidi ya 70. Simlaumu aliyeibiwa kweli. Lakini mgombea anayesema mapema kwamba atasimama tu hata akishindwa kwa haki, huyo mimi simpangii mstari, kwa sababu ananiita kwenye kura ambayo yeye mwenyewe haiheshimu.

Walio NUP, chama cha upinzani, hawakupitia mstari wa namna hii mwaka 2025. Kule wagombea walihojiwa na jopo la chama, na jopo ndilo lililotoa tiketi. Kama uko huko, sauti yako inatakiwa isikike kabla ya mahojiano, kwa viongozi wa eneo lako, kwa maandishi na majina.

Kwetu sisi wa mstari, yote haya ni bure kama hujaandikwa. Rejesta ya chama, hiki tunachokiita kitabu cha njano, hubandikwa kijijini kabla ya uchaguzi. Nenda mwenyewe ukalione jina lako, na uangalie limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha taifa. Ukikuta majina ya watu waliohama au waliokufa, sema palepale. Siku ya kura ni siku ya kusukumana na hakuna atakayekusikiliza.

Na msiondoke baada ya kuhesabiwa. Malalamiko makubwa ya mstari hayatoki uwanjani, ambako kila mtu ameona. Yanatoka njiani, kati ya kijiji na kituo cha kujumlishia, ambako 120 inaweza kufika ikiwa 210. Kijijini kwetu tulikubaliana mapema kwamba watu wawili wa kila upande wasimame karibu na msimamizi anapoandika, wasome namba kwa sauti, na wapige picha ya fomu ikiwa imesainiwa na mawakala wote. Picha ilikuwa kwenye kundi letu la WhatsApp kabla fomu yenyewe haijapanda boda boda kwenda divisheni.