Barua kwa mwanangu aliyeko Cape Town

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu.

Unasema mwenye nyumba wako ana miche ya bangi kwenye ndoo uani, polisi wanapita na kumsalimia tu. Unauliza sheria ya huko iligeukaje.

Kwanza ujue ilizaliwaje. Mwaka 1870 koloni la Natal liliwakataza bangi vibarua wa Kihindi waliopelekwa kwenye mashamba ya miwa. Wakoloni waliogopa kazi italala. Mwaka 1923 Afrika Kusini yenyewe ndiyo iliyouomba Umoja wa Mataifa wa zamani, ule wa Geneva, uihesabu bangi pamoja na kasumba, na sheria ya 1928 ikaikaza marufuku nchi nzima. Makaburu wakazidisha mwaka 1971: ukikutwa na zaidi ya gramu 115 unahesabiwa muuzaji, kazi ya kujitetea ni yako. Dhana hiyo Mahakama ya Katiba iliifuta mwaka 1995, kwa sababu ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kosa.

Anayenigusa zaidi ni Gareth Prince. Ni Rasta aliyesomea sheria akamaliza, lakini chama cha mawakili wa Cape kikakataa kumsajili kwa vile aliwahi kutiwa hatiani kwa kukutwa na bangi na akasema wazi kwamba hataiacha, ni imani yake. Akaenda Mahakama ya Katiba. Mwaka 2002 akashindwa, majaji watano kwa wanne. Fikiria kijana aliyesoma kwa shida anafungiwa mlango kwa tofauti ya jaji mmoja! Hakukata tamaa. Alirudi na hoja nyingine, ya faragha, akashinda Mahakama Kuu ya huko Cape mwaka 2017. Tarehe 18 Septemba 2018 Mahakama ya Katiba nayo ikakubali, safari hii majaji wote kwa sauti moja, hukumu ikiandikwa na Raymond Zondo: mtu mzima kutumia, kumiliki au kulima bangi faraghani kwa matumizi yake mwenyewe si jinai tena.

Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria. Likachelewa mno. Rais Ramaphosa alitia saini tarehe 28 Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu. Ninachoishukuru sheria hiyo ni kwamba imeweka njia ya kufuta rekodi za waliotiwa hatiani zamani. Wengi wao ni maskini waliokosa ajira kwa karatasi hiyo.

Lakini elewa vizuri, mwanangu: kuuza bado ni kosa, na kuvuta hadharani hakukuruhusiwa. Majaji hawakusema bangi ni nzuri. Walisema dola isiingie chumbani kwa mtu.

Nawe ukija Desemba, kagua begi lako mwenyewe na usibebe mzigo wa mtu. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015, hapa Tanzania, haijalegea, na huku Arumeru mashamba ya bangi bado yanafyekwa na kuchomwa moto.

Baba yako