Mgombea asiyekemea maovu kwa sauti: nimpigie kura?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane, naishi Majengo ya Pumwani, Nairobi, nauza mahamri na mbaazi alfajiri. Kuna mgombea urais ninayempenda kwa sababu ameahidi watoto wetu watapata vitambulisho bila kuzungushwa, na kwamba hakuna kijana atakayechukuliwa usiku bila kufikishwa kortini. Lakini alipoulizwa kwenye televisheni kuhusu ushoga na ulevi, alijibu kwamba mambo ya chumbani si kazi ya serikali na kwamba baa zenye leseni hatazifunga. Mwenzake anayelaani hayo kila Jumapili hana neno juu ya vijana wetu. Mwanangu wa miaka 22, ambaye mwenyewe alihangaishwa muda mrefu kabla ya kupata kitambulisho, anasema nikimpigia yule wa kwanza nitabeba dhambi zake, na kwamba kura yenyewe ni kufuru maana hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Tangu nijiandikishe kupiga kura, mwanangu hali chakula ninachopika. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullah, mama yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu. Lililoniuma si kura, ni hicho chakula, nami nitakirudia. Msimamo wetu juu ya liwati na pombe unaujua tangu chuo cha Qur'ani. Hukuniuliza kama ni halali, basi sitakupotezea wakati hapo.

Inajuzu kumpigia kura mgombea huyo, ukikusudia ile haki aliyoiahidi na moyo wako ukiichukia ile kauli yake.

Sasa nizungumze na hao waliomfundisha mwanao. Aya wanayoishika, "Hukumu haiwi ila ya Mwenyezi Mungu", iko katika Sura Yusuf, aya ya 40. Aliyeitamka ni Nabii Yusuf mwenyewe, alayhi salaam, akiwa gerezani Misri. Natamani wangesoma ukurasa mmoja mbele. Aya ya 55, Yusuf huyo huyo anamwambia mfalme wa Misri amweke juu ya hazina za nchi, kwa kuwa yeye ni mlinzi mjuzi. Je, alisahau alichokisema gerezani? Atakayesema kwamba Misri ilikuwa imeshabadilika, na afike aya ya 76: Yusuf hakuweza kumzuia nduguye kwa kanuni ya mfalme. Kanuni ya mfalme ilikuwa bado inafanya kazi, na Nabii wa Mungu akiwa ndani ya serikali hiyo anawagawia watu nafaka miaka ya njaa. Njaa ndiyo iliyokuwa mbele yake, akaishughulikia.

Aya hiyo kugeuzwa rungu si jambo jipya. Makhawariji, kundi lililojitenga na Sayyidna Ali, radhiya llahu anhu, walimpigia nayo kelele baada ya vita vya Siffin, Waislamu walipopigana wao kwa wao. Akawajibu kwamba hilo ni neno la haki lililokusudiwa batili, na kwamba watu hawana budi kuwa na kiongozi, awe mwema au muovu. Mwisho wake ni mmoja wao aliyemuua Ali katika mji wa Kufa, Iraq, mwaka wa 40 Hijria. Simfananishi mwanao na muuaji, Allah amhifadhi. Nawaambia walimu wake: hiyo njia mnayomwonyesha mtoto wa watu, ilishapitiwa na wengine na tunajua ilikoishia.

La pili ni kubeba dhambi. Qur'ani imesema hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Wao watajibu kwa aya ya Sura An-Nisaa, kwamba anayesaidia msaada mbaya ana fungu lake humo. Kweli. Lakini msaada mbaya ni kusaidia ubaya wenyewe. Karatasi ya kura haina kisanduku cha vitambulisho na kisanduku kingine cha baa. Ina jina la mtu, na mtu amechanganyika. Kama kila atakalotenda rais linamwandama aliyempigia, basi na mafuta unayokaangia mahamri yana kodi, na kodi hiyo inalipa mishahara ya mema na maovu pia. Kaanga mahamri yako, mama.

Wazee wetu walilipitia hili si zamani. Agosti 4, 2010, tulipopiga kura ya maoni hapa Kenya, rasimu ya Katiba ilikuwa na kifungu cha 26 chenye milango ya uavyaji mimba ambayo wengi wetu hatukuipenda. Ilikuwa pia na kifungu cha 170 kinachozilinda mahakama za Kadhi, ambazo viongozi wengi wa makanisa walitaka ziondolewe. Viongozi wengi wa Waislamu walipima wakasema ndiyo. Leo mjane wa Majengo anapodai mirathi mbele ya Kadhi, anasimama juu ya kura ile. Wanaotuhubiria kwamba usiguse chochote chenye doa, mirathi yao wanaipeleka wapi?

Na wale Masahaba walioonewa Makka, Mtume, swalla llahu alayhi wa sallam, aliwaelekeza Habasha, yaani Uhabeshi, kwa mfalme Mkristo. Sifa aliyoitaja ni kwamba kwake hadhulumiwi mtu. Ulevi wa watu wa nchi ile hakuufanya sharti.

Nije kwa huyo wa pili, mwenye laana za Jumapili. Tujiulize rais ana mkono gani katika mambo hayo. Sheria ya adhabu, kifungu cha 162, bado ipo na kifungo chake ni miaka 14. Mahakama Kuu ilikataa kuifuta Mei 2019. Kifungu cha 45 cha Katiba kinaitaja ndoa kuwa ya jinsia mbili. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea mashoga lisinyimwe usajili. Rais alisema hadharani kuwa mila na dini zetu hazikubali mambo hayo, wabunge wakanguruma, sisi mimbarini tukanguruma pia. Septemba mwaka huo mahakama hiyo ilikataa kuupitia upya uamuzi wake. Basi sauti ya rais, hata iwe kubwa vipi, ilifika hapo ikakwama. Lakini nani anamteua Inspekta Jenerali wa polisi? Nani anamteua waziri ambaye chini yake kuna ofisi za vitambulisho? Hapo mkono wa rais unafika. Anayekuahidi asichokiweza akanyamazia anachokiweza, mimi simwiti mcha Mungu, namwita mjanja.

(Na tusijidanganye sana kuhusu mapenzi yetu kwa wagombea wa dini. Mwaka 2022 mchungaji David Mwaure aligombea akahubiri uadilifu, akapata kura 31,987. George Wajackoyah, aliyetaka bangi ihalalishwe, alipata 61,969.)

Sikwambii kwamba maneno ya mgombea wako ni mepesi. Angeahidi kuifuta sheria hiyo, au kuzigusa mahakama za Kadhi, jibu langu lingekuwa jingine. Tena ahadi ya vitambulisho tumeisikia chaguzi nyingi. Februari 2025 serikali ilitangaza kuondoa ule msasa maalumu kwa watu wa mikoa ya mpakani, na bado wewe unaniandikia. Kwa hiyo akija kuomba kura Majengo, muulize mbele za watu: mtoto wangu atapeleka karatasi gani, na atasubiri siku ngapi? Kisha mwambie waziwazi kwamba ile kauli yake ya televisheni imekuudhi. Kumpigia mtu kura si kufunga naye ndoa.

Sasa chakula. Mwenyezi Mungu anasema katika Sura Luqman kuhusu wazazi wanaomshurutisha mtoto wao amshirikishe Yeye: usiwatii, lakini kaa nao kwa wema duniani. Hao ni wazazi washirikina. Wewe umesimama foleni ukajiandikisha, ukarudi nyumbani ukawasha jiko. Anayekisusa chakula cha mama yake mwenye kuswali, kwa jina la tauhidi, yaani kumpwekesha Mungu, hiyo tauhidi ameipokea mbovu.

Ila nakuomba usimchukie. Kijana aliyehangaishwa kwenye madirisha ya ofisi, akiulizwa babu yake alizaliwa wapi, hutoka na hasira isiyo na pa kukaa. Amekuja mtu akamwambia hasira hiyo inaitwa dini. Usibishane naye aya kwa aya, na kura yako ni siri, huna haja ya kumwambia utampa nani. Mtilie mahamri yake na mbaazi kila asubuhi, ufunike, uende kazini. Na umwambie kwamba mimi napenda kumsikiliza, hapa msikitini baada ya Isha, siku yoyote ila Alhamisi. Aje na huyo mwalimu wake wakitaka. Tutaisoma Sura Yusuf, tutaanzia aya ya 40.

Wallahu a'lam.