Kufungua kambi Maine, Marekani, huku unaishi kwenye trela: mambo ya kuuliza kabla hujaondoka

Kambi ninazosema ni viwanja vya kukodisha kwa wageni wenye mahema na trela, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari. Mtu akisikia kazi ya kambini anawaza ziwa, moto wa kuni na viti vya kukunja. Hayo ni ya wageni. Anayeitwa mwezi wa nne kuja kufungua kambi iliyofungwa wakati wa baridi anakuta matope, matawi yaliyoanguka, mavi ya panya mabafuni na mabomba makavu. Na kuna jambo ambalo matangazo ya kazi hii hayalisemi: wewe unayekuja kuwafungulia wageni maji, ndiye utakayeishi bila maji mpaka uyafungue.

Nawaandikia hasa Waswahili wenzangu wa Portland na Lewiston, maana siku hizi nikienda harusini au msibani hakosekani mtu wa kunivuta pembeni. "Dada, hiyo kazi ya kuishi kwenye gari mnaipataje?" Mimi ni Mtanzania wa Njombe, mume wangu ni Mkongo wa Bukavu. Kazi hii tunaifanya kaskazini, upande wa Moosehead Lake, kwenye kambi za watu binafsi. Wenye kambi wanapenda mke na mume, kwa sababu kiwanja kimoja kinawapa mikono minne. Aliye peke yake hakataliwi, ila atajieleza zaidi.

Tuanze na hela. Malipo ya kazi hii kwa kawaida yana pande mbili: kiwanja cha kuegesha trela yako chenye umeme, maji na bomba la maji taka, na mshahara wa saa. Yupo anayekulipa kila saa uliyofanya, na kiwanja anakupa bure. Yupo anayesema saa kadhaa za kila wiki ni za kulipia kiwanja, zinazobaki ndizo za pesa. Ukiambiwa hivyo usiitikie kwa adabu tu, toa simu upige hesabu. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara Maine kilikuwa dola 14.65 kwa saa. Saa 20 kwa wiki ni dola 293, na kwa wiki nne ni dola 1,172. Sasa uliza mgeni anayekaa mwezi mzima analipa ngapi kwa kiwanja kama hicho. Tuseme ni dola 700. Hapo unajua nani anamfadhili nani. Tena mwezi wa nne hicho kiwanja hakina mgeni anayekitaka, na koki yake haitoi hata tone. Sisi tulimwambia mwenye kambi mmoja, kwa upole kabisa, kwamba saa za kulipia kiwanja zianze siku maji yatakapotoka kwenye koki yetu. Alicheka, akakubali.

Uliza pia kama umeme una mita, na nani analipa. Uliza gesi ni ya nani (karibu mara zote ni yako). Uliza kama utaajiriwa kwa fomu ya W-2, yaani kama mwajiriwa rasmi, au utaitwa mtu wa kujitolea, kwa sababu kuna siku utakuwa juu ya ngazi, na mwajiriwa akianguka ana bima ya ajali kazini. Majibu yote yawe kwenye karatasi, au angalau kwenye barua pepe. Maneno ya "sisi hapa ni kama familia" ni mazuri, lakini huwezi kwenda nayo popote siku ya kudai.

Halafu baridi. Njombe tunajisifu kwa baridi, na huko nyumbani tuna haki ya kujisifu. Kaskazini mwa Maine mwezi wa nne usiku kipimo kinashuka chini ya sifuri kama kawaida, na theluji inaweza kurudi wakati watu wameshafua makoti na kuyaweka kabatini. Hita ya gesi ya trela ya kawaida inakula kama BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Mtungi wa pauni 20, yaani kilo 9 hivi, una joto la karibu BTU 430,000. Gawanya mwenyewe: saa 14 za kuwaka mfululizo. Kweli hita huwaka na kuzima, lakini usiku wa baridi kali unaunguza gesi mpaka unaona huruma, na mtungi mmoja unaweza kwisha ndani ya siku mbili. Kuwa na miwili kwenye trela na mmoja wa akiba, na ujue duka linalojaza linafunga saa ngapi na kama Jumapili linafungua. Gesi ina tabia ya kwisha saa tisa usiku.

Umeme nao una mipaka yake. Trela ya ampea 30 kwenye volti 120 inapata wati 3,600 basi. Hita ndogo ya umeme ni wati 1,500, birika la umeme karibu kiasi hichohicho. Ukiongeza maikrowevu, breka inaruka na mko gizani. Kwetu anayetaka kuchemsha chai anatangaza kwanza. Na tafadhali, jiko la gesi usiligeuze kuwa hita ya chumba. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina harufu, na trela ni chumba kidogo. Bonyeza kitufe cha kujaribu king'ora chake siku unayofika. Ukisonga ugali, fungua kidogo tundu la juu la paa hata kama baridi inauma, la sivyo madirisha yanatoka jasho, maji yanashuka nyuma ya godoro, na baada ya wiki mbili unalala na ukungu. Kuhusu unga wenyewe, beba wa kutosha pamoja na maharage na dagaa. Kutoka Greenville, mji ulio kando ya Moosehead Lake, kurudi Portland ni mwendo wa karibu saa tatu, na maduka ya kule juu hayajui sembe.

Sasa maji, kwanza ya kwako. Trela iliyokaa stoo wakati wa baridi ina ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda ndani ya mabomba yake. Usiwe na haraka ya kuitoa. Iache mpaka usiku upate joto, na kwa siku hizo tumia ndoo na kata. Huu ndio upande ambao sisi tumewazidi Wamarekani wengi: hakuna haja ya kufundishwa kuoga na nusu ndoo. Choo kisukume kwa dawa ileile badala ya maji. Uliza mapema koki isiyoganda iko wapi, kwa kawaida ni nyumbani kwa mwenye kambi au kwenye karakana yenye joto. Ukishachota, mpira wa maji umwage wote uurudishe ndani, kwani ukiulaza nje umeunganishwa, asubuhi utakuta fimbo. Valvu ya tangi la maji taka ifunge, umwage pale tangi linapojaa tu. Maji yanayodondoka kidogo kidogo usiku yanaganda ndani ya mpira na kuuziba.

Kisha maji ya kambi, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Msimu uliopita ulipoisha, mabomba yote yalimwagwa na kupulizwa kwa kompresa. Kinadharia hayana kitu ndani. Kwa kweli daima kuna kiungo fulani kilichokaa chini kidogo ambacho kimebakiza maji, na maji yakiganda yanatanuka kwa karibu asilimia 9. Plastiki haina pa kukimbilia.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chochote, tembea laini nzima kwa miguu. Koki nyingi ziliachwa wazi makusudi. Zifunge moja moja, ila ile ya mwisho kabisa iache wazi ili hewa ipate pa kutokea. Fungua sehemu moja ya kambi, si yote kwa mpigo. Na valvu kuu inafunguliwa polepole, robo mzunguko, unangoja. Maji yakiachiwa kwa nguvu kwenye bomba tupu yanasukuma hewa mbele na kugonga kona kama nyundo; yanavunja hata kiungo kilichokuwa kizima.

Mwaka jana mwenye kambi alisimama kwenye valvu na redio ya mkononi, mimi nikawa kwenye koki ya mwisho, mume wangu katikati nyuma ya jengo la mabafu. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha koki ikaanza kuhema, ikatema hewa, ikatema maji ya rangi ya chai yenye vipande vya majani, ikahema tena, na hatimaye ikatulia ikatoa maji moja kwa moja. Nilikuwa nafurahi peke yangu niliposikia redioni, "Funga! Funga!" Nyuma ya mabafu majani makavu yalikuwa yanainuka yenyewe, na chini yake maji yanabubujika. Tulichimba kwa beleshi mpaka kwenye kona ya bomba: ufa mwembamba wa urefu wa kidole. Unakata kipande kibovu, unafuta mpaka pakauke kabisa, unapaka ile dawa ya zambarau ya kuandaa plastiki, kisha gundi, unasukuma kiungo kipya huku unakizungusha kidogo, unakishikilia. Halafu unangoja gundi ikauke, hata kama mwenye kambi anaangalia saa.

Ushauri wangu kama unataka kuitwa tena kila mwaka ni kujifunza kazi hii ya mabomba. Reki kila mtu anaijua. Mtu anayeweza kuziba uvujaji bila kumwita fundi bomba kutoka mjini, huyo anabembelezwa, na ndiye anayeweza kujadili mshahara.

Laini ikijaa, funga na utazame kipimo cha presha. Kikishuka na hakuna koki inayotoa, kuna mahali panavuja chini. Zile koki ndefu za nje nazo zina siri yake: valvu iko chini ardhini, mahali ambapo baridi haifiki, na ukiifunga maji yaliyobaki kwenye nguzo hunywewa na kokoto. Lazima iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Ukiiacha nusu, inavuja chini ya ardhi na hutajua mpaka udongo ulainike. Mwisho mabomba hutiwa klorini, yakaachwa, yakasuuzwa mpaka harufu iishe, na sampuli ikapelekwa maabara. Kanuni za serikali kuu tangu Aprili 2016 zinadai mitambo ya maji ya msimu ikamilishe taratibu za ufunguzi kabla ya kumpa mtu maji. Mwenye kambi akikwambia maji ni ya kisima, kunywa tu, mjibu kwamba unangoja karatasi ya maabara. Sisi mpaka siku hiyo tunakunywa ya madumu.

Kazi nyinginezo ni za mgongo: majani, majivu kwenye maduara ya moto, meza za mbao za kupiga msasa na kupaka rangi, namba za viwanja. Kokoto za barabara mara nyingi zinachelewa, kwa sababu wakati wa matope barabara nyingi huwekewa kibao cha kuzuia magari ya zaidi ya pauni 23,000, na lori la kokoto haliwezi kupita. Wewe mwenyewe weka mbao pana chini ya jeki za trela. Ardhi inayoyeyuka inameza.

Mabafu yenye panya msiyafagie makavu. Nyunyiza maji yenye klorini ya kung'arishia nguo nyeupe (bleach), sehemu moja kwa kumi ya maji, ngoja dakika tano, kisha futa ukiwa na glavu. Vumbi lake linaweza kubeba virusi vya hanta. Kupe ni wa kuogopwa zaidi, kwani Maine ni kati ya majimbo yenye ugonjwa mwingi wa Lyme, na kupe mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Vaa nguo za rangi nyepesi, chomeka suruali kwenye soksi, na kila jioni mkaguane: nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, kwenye nywele. Mwezi wa tano wanakuja usubi. Wa huku hawaleti upofu kama wale waliowatesa watu wa Mahenge, lakini wanaingia masikioni na kwenye pindo la kofia mpaka mtu mzima anatamani kulia. Kofia ya neti ni pesa kidogo, nunua kabla.

Kwa walio nyumbani wanaoniandikia niwatafutie nafasi: viza ya matembezi hairuhusu kazi hii, hata kama unalipwa kiwanja tu bila pesa. Mwaka 2025 njia zilizokuwepo zilikuwa viza ya J-1 ya wanafunzi wa chuo kupitia wadhamini wanaotambuliwa, na viza ya kazi za msimu ya H-2B ambayo mwajiri mwenyewe ndiye anayeiomba, na sheria imeiwekea ukomo wa watu 66,000 kwa mwaka, ingawa kuna miaka serikali huongeza. Mwajiri au wakala wa H-2B haruhusiwi kumtoza mfanyakazi ada ya kutafutiwa kazi. Anayekuomba utume hela kwanza ili "akushikie nafasi ya kambini" mfute kwenye simu.

Walio huku wenye kibali cha kazi waanze kutafuta Januari, maana wengi wanataka kambi iwe tayari kabla ya Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Tayarisha picha za trela yako nje na ndani. Baadhi ya kambi hazipokei trela yenye umri wa zaidi ya miaka kumi, lakini ikiwa safi na haivuji wengine wanalegeza. Na pigeni simu. Wenye kambi niliowafanyia kazi ni wazee, barua pepe wanaifungua siku mvua ikinyesha.