Osibisa ni bendi ya Ghana au ya Uingereza?
Ndugu, umeuliza Osibisa ni ya Ghana au ya Uingereza. Ilianzishwa London mwaka 1969, lakini waanzilishi wake, Teddy Osei, mdogo wake Mac Tontoh na Sol Amarfio, ni Waghana waliokulia kwenye hailaifu, yaani muziki wa dansi wa Ghana. Wenzao wengine walitoka visiwa vya Karibi: Trinidad, Antigua, Grenada. Ndiyo maana gitaa lina ladha ya roki huku ngoma zikibaki za Afrika Magharibi kabisa. Watu wengi wanaijua kwa "Sunshine Day" iliyovuma 1976, wimbo mtamu kweli, ila mimi nakushauri uanze na albamu yao ya kwanza ya 1971. Sikiliza ngoma zinavyopokezana na tarumbeta na saksafoni. Kukaa tu kitini hutaweza!