Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Urithi, Dari Mpya na Harufu ya Uvundo

SWALI: Mshauri wa makazi, salaam. Tunaishi Ilala katika nyumba aliyotuachia marehemu baba, nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma, iliyojengwa kabla ya Uhuru. Mwaka jana tuliikarabati: tuliweka dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma, rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa kifua, na kiyoyozi katika chumba cha watoto. Tangu masika yapite, chumba hicho kinanuka uvundo, na mwanangu wa miaka saba anakohoa usiku ingawa mchana anacheza vizuri. Kijana mmoja amejitokeza na kusema kwamba ana mashine ya kupima "hewa yote ya nyumba" kwa shilingi laki nne. Je, nimlipe?
Mama wa watoto watatu, Ilala

JIBU: Usimlipe bado, mama. Mtoto apelekwe kwanza kwa daktari, kwa sababu kikohozi kinachokuja usiku na kupotea mchana huenda kikawa pumu, na pumu haisubiri vipimo vya nyumba.

Kuhusu mashine, hakuna inayopima hewa yote. Kila kifaa hupima kitu chake. Kile kinachohesabu chembechembe za moshi na vumbi hakijui lolote kuhusu kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya jiko la mkaa. Kinachopima hewa ukaa hakioni ukungu wa ukutani. Na hakuna hata kimoja kati ya vile vya kushika mkononi, vinavyouzwa madukani, kinachoweza kutambua nyuzi za asbestosi au madini ya risasi yaliyomo katika rangi ya zamani. Kwa hiyo anayetaka kupima hewa ya nyumba yake hana budi kuanza kwa kujiuliza anashuku nini, na kwa bahati nzuri barua yako imekwisha kujibu nusu ya swali hilo.

Nyumba za aina yenu zilijengwa zipumue. Mara nyingi kuta za ndani hazikufika kwenye bati, juu ya milango na madirisha kuliachwa matundu, joto lilipanda na kutokea chini ya paa, na pale palipopigwa plasta ya chokaa ukuta ulinyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa taratibu wakati wa kiangazi. Misingi yake kwa kawaida haikuwekewa nailoni ya kuzuia maji ya ardhini, kwa hiyo maji hupanda ukutani kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa, na zamani yalipofika juu yalikauka tu kwa upepo. Mlipoweka dari mliiziba njia ya juu. Madirisha ya kusukuma hufunguka nusu tu ya upana wake. Na rangi ya mafuta imeufunga ukuta mahali palepale unapotaka kutoa maji. Kiyoyozi nacho, na hapa ndipo wengi hukosea, hakiingizi hewa mpya. Hiki cha kawaida cha ukutani huivuta hewa ya chumba, huipoza na kuirudisha ileile, pamoja na pumzi za wote waliolala humo. Sisemi kwamba mlikosea kukarabati, kwa maana hakuna anayetamani kulala chini ya bati tupu mwezi wa Februari, lakini nyumba iliyobadilishwa hivyo inahitaji njia nyingine ya kupumua.

Kipimo cha kwanza ni pua, ila isiwe pua yako. Pua huizoea harufu ndani ya dakika chache, kiasi kwamba mwenye nyumba ndiye wa mwisho kuisikia. Kifungeni chumba asubuhi hadi alasiri, kisha aingie mtu asiyeishi hapo, hata shangazi aliyekuja kuwajulia hali kutoka Mbagala, naye aanze kunusa nyuma ya kabati, chini ya godoro, kwenye kona inayopakana na bafu, na mbele ya kiyoyozi kinapowashwa. Pale atakapokunja uso ndipo pa kutazama kwa tochi, mkiimulika ubavuni mwa ukuta ili mabaka na malengelenge ya rangi yatupe kivuli.

Kipimo cha pili hakizidi gharama ya selotepu. Kata kipande cha nailoni angavu chenye upana wa nusu mita hivi, kibandike ukutani karibu na sakafu, uzibe kingo zote nne kwa selotepu, kisha ukiache kwa siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani, yaani kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani, na dawa yake ni kwa fundi: kukagua mifereji ya paa na bomba la bafu, kushusha udongo uliorundikana nje juu ya usawa wa sakafu, na kuikwangua ile rangi ya mafuta ili ukuta ukauke, baada ya kujua kilichomo katika tabaka za chini, jambo nitakalolirudia hivi punde. Matone yakiwa upande wa nje, unaotazama chumba, unyevu umo hewani na kinachotakiwa ni njia ya hewa. Ukiona pia unga mweupe kama chumvi unaopukutika ukisugua kwa kidole, huo si ukungu, ni chumvi iliyoletwa na maji ya ardhini, na inathibitisha jibu la kwanza.

Ukitaka kununua kifaa kimoja tu, nunua kipimo kidogo cha unyevu wa hewa. Utasoma mahali pengi kwamba unyevu wa ndani usizidi asilimia 60, na huo ni ushauri ulioandikiwa nchi za baridi. Hapa Dar es Salaam hewa ya nje yenyewe hupita asilimia 80 usiku mwingi. Usihangaike na hiyo 60. Linganisha chumba na chumba, na chumba na baraza, kwa saa zilezile, kwa wiki nzima. Chumba cha watoto kikibaki na unyevu mkubwa kuliko baraza hata saa nane mchana, kina maji yake chenyewe. Ukungu huota pale uso wa ukuta unapokaa muda mrefu na unyevu unaokaribia asilimia 80, na ukuta uliopozwa na kiyoyozi hufika hapo mapema kuliko ukuta wa vuguvugu, hasa nyuma ya kabati lililosukumwa hadi likagusa plasta. Livuteni mbele kwa upana wa kiganja.

Kijana akikushauri achukue sampuli za hewa ili ajue aina ya ukungu, mwambie ahsante. Hakuna kiwango cha afya kinachokubalika cha kulinganisha matokeo hayo, na ukungu wa aina yoyote huondolewa kwa njia ileile: kukausha chanzo cha maji, kisha kusugua. Baka lisilozidi mita moja ya mraba unaweza kulisugua mwenyewe kwa maji na sabuni, ukiwa umefunika pua na mdomo na madirisha yakiwa wazi. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na dawa ya chooni, kwani mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi ya klorini.

Sasa moshi, ambao hukuutaja, nami nadhani upo. Je, mnachoma dawa ya mbu chumbani? Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2003, uliopima dawa za mbu za kuchoma kutoka China na Malaysia, ulikuta kwamba koili moja hutoa chembechembe laini sawa na sigara kati ya 75 na 137. Katika chumba cha zamani chenye matundu moshi huo ulikuwa na pa kutokea. Chini ya dari ya jipsamu hauna. Chandarua chenye dawa kitawatosha watoto. Udi na ubani sikatazi, maana nami nimelelewa katika nyumba ya chetezo, ila vifukizwe watoto wakiwa uani na madirisha yakiwa wazi, na isiwe katika chumba cha mwenye kikohozi.

Chembechembe hizo laini, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), ndizo zinazopimwa na vifaa vidogo vya leza. Shirika la Afya Duniani lilipitia upya miongozo yake mwaka 2021 na kushauri wastani usiozidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa saa 24, na mikrogramu 5 kwa mwaka. Ukiazima kifaa hicho, kiweke juu ya meza, usawa wa pua ya mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na jiko, ukiache siku tatu au nne, na uandike katika daftari saa ya kupika, ya kufagia na ya kuchoma udi. Kumbuka pia kwamba hewa ikiwa na unyevu mwingi chembechembe huvimba kwa maji, na vifaa vingi vya bei nafuu husoma zaidi ya ukweli. Kinachokuambia jambo ni kupanda na kushuka kwa namba kulingana na daftari lako, kuliko namba yenyewe.

Jambo moja sitalifanyia mzaha. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani kwa hali yoyote, hata likiwa limebaki na makaa mekundu yasiyotoa moshi, na hata mvua inaponyesha uani. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, pua ya shangazi haitaisikia, na makaa yasiyo na moshi bado huitoa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 10 kwa mita ya ujazo kwa saa nane, yaani kama sehemu 9 kwa milioni. Kengele ya gesi hii ni kifaa kidogo cha betri, na wanaotumia jenereta karibu na dirisha wanaihitaji sawasawa na wenye majiko. Mtu akiamka na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, na wenzake wa chumba hali kadhalika, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Baada ya hayo yote, kama kikohozi kinaendelea, mwite yule kijana umuulize anapima nini kwa jina, kwa muda gani, na kifaa chake kilirekebishwa lini dhidi ya kipimo cha uhakika. Akijibu kwa dakika kumi za kuzunguka korido na kifaa mkononi, hifadhi laki nne yako, umwite fundi afungue matundu juu ya mlango na kuyawekea wavu wa mbu.

Nimeahidi kuirudia rangi. Katika nyumba iliyopakwa mara nyingi tangu enzi za baba yenu, tabaka za chini zinaweza kuwa na risasi, ambayo huharibu ubongo wa watoto na ambayo haina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Iliyolala chini ya rangi mpya isiyobanduka haina haraka. Hatari huja fundi anapopiga msasa mkavu, na vumbi likatua sakafuni anapotambaa mtoto. Kwa hiyo, kabla ya kukwangua, bandueni kipande chenye tabaka zote na muulize Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali jinsi ya kukipeleka kuchunguzwa. Ikithibitika kuwa ina risasi, ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto wakiwa wamehamishwa.

SWALI: Nimerudi Oysterbay baada ya miaka mingi Marekani, ambako nyumba nyingi hupimwa gesi ya radoni kabla ya kuuzwa. Mbona hapa hakuna anayeitaja?
Msomaji, Oysterbay

JIBU: Radoni ni gesi yenye mionzi inayotokana na madini ya urani yaliyomo ardhini, na hujikusanya hasa katika vyumba vya chini ya ardhi na nyumba zilizofungwa kwa ajili ya baridi. Nyumba za zamani za pwani yetu hazina vyumba hivyo kwa kawaida, na madirisha yake hushinda wazi. Kama unaishi chini, juu ya sakafu yenye nyufa, na kiyoyozi kikiwaka mchana na usiku, swali lako lina maana. Gesi hii ni miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu baada ya sigara, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango cha rejea cha bekereli 100 (bekereli ni kizio cha mionzi) kwa mita ya ujazo. Waulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambao ndio wenye dhamana ya masuala ya mionzi, na upendelee kipimo cha miezi mitatu kuliko cha siku mbili.

SWALI: Paa letu ni la vigae vya kijivu vya mawimbi ambavyo wazee wanasema ni asbestosi. Tunataka kuvisugua kuvu na kuvipaka rangi. Je, tupime hewa kwanza?
Wapangaji, Chang'ombe

JIBU: Msivisugue. Kigae kizima kilichotulia hutoa nyuzi chache sana. Brashi ya waya, msumeno na keekee ndivyo vinavyozirusha hewani, na magonjwa yake, ikiwemo saratani, hujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Kupima hewa leo, paa likiwa limetulia, kutawapa namba nzuri isiyowaambia kitakachotokea siku mafundi watakapopanda juu. Kinachopimwa ni kigae chenyewe, kwa darubini ya maabara, na kipande kilichokwisha kuanguka chenyewe kinatosha: kiloweshe, kifunge katika mifuko miwili ya nailoni, andika juu yake, wala usivunje kingine. Mwenye nyumba akiamua kuliondoa paa, awasiliane kabla na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira kuhusu wanaoruhusiwa kufanya kazi hiyo na mahali pa kutupa. Vipande vya zamani vilivyoegeshwa uani navyo vifungwe vivyo hivyo. Nimeona nyumba ambayo vilipondwa kwa nyundo vikajazwa kwenye njia ya kwenda bafuni, na watoto walikuwa wakiifagia kila asubuhi.