Maonyesho ya rangi zenye sumu, nitoe fuvu?

Swali: Mambo mhariri, nadizaini logo na mabango ya maonyesho ya rangi za zamani zenye sumu, nimejaza mafuvu ila naona kama pakiti ya dawa ya panya vile. Nifanyeje?

Jibu: Poa, mafuvu toa yote. Watu walizinunua rangi hizi kwa sababu zilipendeza, sasa acha huo uzuri ndo uvute macho kwanza. Kijani cha mkemia Scheele cha 1775 kina sumu ya arseniki na kilipakwa hadi kwenye karatasi za kuta za vyumba vya kulala, jaza bango zima hicho, halafu pembeni weka "As" ndogo nyeusi, yaani alama ya kikemia ya arseniki. Nyeupe ya madini ya risasi iandikie Pb, nyekundu ya zebaki Hg. Ila kijani cha skrini kikiprintiwa kinafifia, printi sampo mapema bana.